Hesabu ya Mtu Mmoja

West Indies, Eldoret
14 Aprili 2024

Kwa binti yangu Nekoye,

Ukisoma hii ujue huku tumeamka, tumekunywa chai na bado tunatambuana. Mama yako Nanzala anakusalimu. Goti lake linamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne analisahau. Mvua ilianza wiki jana na kule shambani Ainabkoi tumepanda mahindi na viazi kidogo, ingawa fuko amekula mistari miwili ya viazi kana kwamba nilimpandia yeye. Nyokabi wa dukani, kila nikienda kununua sukari, ananiuliza kama injinia wetu wa bahari hajambo. Namwambia hajambo. Sijui kama huwa namdanganya.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu hushiki. Sikulaumu. Hata mimi, nilipokuwa nabeba mnyororo wa kupima mashamba, kulikuwa na siku sikutaka kuitwa na mtu. Lakini wewe ukinyamaza miezi miwili, mama yako ananitazama kama mimi ndiye niliyekuficha.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi ndugu yangu Wabuge alikuja na wazee wawili wa ukoo. Wanasema Murunga, mdogo wako, hawezi kuachwa hivi hivi. Meli aliyokuwa akifanyia kazi, Marisela, ilizama tarehe tisa Februari huko kusini mwa Madagaska, na leo ni katikati ya Aprili. Mwili haupo. Wanataka tufanye kama inavyofanywa mtu akikosekana: tukate mgomba, tuuvishe shati lake, tuuzike Ainabkoi, watu walie na kunyolewa, na wenye kubaki tupumue. Wanataka iwe kabla ya mavuno.

Mama yako aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapakulia chakula, wakala. Ndipo akasema, "Nekoye ndiye anapima bahari. Na Nekoye hajasema." Wazee wakavaa kofia zao wakaenda. Tangu Februari, kila mlo, anaweka mezani sahani ya Murunga. Ni ile ya bati yenye maua, mojawapo ya zile sita alizotoka nazo Burnt Forest nyumba yetu ilipochomwa katika ghasia za 2008. Anaifunika kwa nyingine, na tukimaliza kula anawapelekea kuku.

Kwa hivyo tunakungoja wewe. Watu wa meli walituambia kwamba wewe ndiye uliyezionyesha ndege za uokoaji pa kutafuta, na kwamba wale kumi na mmoja waliookolewa ni hesabu yako iliyowaokoa. Nilijivuna, nakubali, hata katika msiba. Kama bado kuna tumaini, sema. Kama hakuna, sema pia. Neno lako mama yako atalipokea.

Kuna jambo lingine kuhusu siku ile ya tisa. Si la karatasi wala la simu. Unajua kwetu mtu huketishwa kwanza, akala, ndipo akaambiwa habari ya namna hiyo. Uje nikuambie.

Baba yako,
Phineas


Durban
2 Juni 2024

Kwa Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Barua yako imetembea wiki saba. Ungeitia kwenye chupa ukaitupa baharini ingenifikia karibu wakati huohuo, na hilo nakuambia kama mtaalamu. Nimefurahi kusikia mvua imefika. Mwambie Mama afunge goti kwa kitambaa cha sufu, si kile cha nailoni.

Mimi nipo. Nimehamia nyumba ndogo zaidi, dirisha linatazama ukuta. Kazini nimeomba wanitoe kitengo cha uokoaji. Sasa nakaa stoo ya vyombo, nahesabu maboya ya kupimia mikondo ya maji: yaliyotoka, yaliyorudi, yasiyorudi. Ni kazi ambayo Mama angesema haihitaji mtu wa digrii tatu.

Huwa nakumbuka bwawa la ng'ombe pale Ainabkoi. Nilikuwa na miaka tisa. Ulinipa mwisho wa mnyororo wako wa kazi ukaniambia nikueleze bwawa lina kina gani, na nikakuletea jibu nikiwa nimelowa mpaka shingoni. Ukaniuliza, "Umepima mara ngapi?" Mara moja. Ukanirudisha majini. Ulisema kipimo kilichopimwa mara moja hakitiwi sahihi, hata kama aliyepima ni mwanao. Bahari yenyewe sikuiona mpaka nilipofika miaka kumi na tisa, lakini kazi hii nilianzia pale, na Murunga akiwa amekaa ukingoni akinicheka kwa sababu yeye maji aliyaogopa.

Kisha nikaenda kusomea meli. Miaka minne nilivuta mifano ya meli ya mbao kwenye kidimbwi kirefu ndani ya jumba, meli za kivita zenye urefu wa mkono wangu, nikiandika maji yanavyozikataa. Halafu mikondo. Halafu kukokotoa mahali kitu kilichopotea kitakapofikishwa na maji. Watu walianza kunipigia simu kutoka nchi ambazo sijawahi kukanyaga. Ndipo nikamtafutia Murunga kazi ya injini kwenye Marisela, ili na yeye aone dunia.

Msako haujafungwa, Baba. Waambie wazee wangoje. Bado tunaangalia.

Mwaka huu sitaweza kuja. Hilo jambo lako lisubiri.

Nekoye


West Indies, Eldoret
21 Julai 2024

Kwa Nekoye, mwenye jina la mama yangu, ndiyo maana nashindwa kukukaripia,

Huku ni baridi ya Julai. Mahindi yamefika kifuani na yangekuwa mazuri zaidi kama mbolea ingekuja kwa wakati. Mama yako ana kifua kidogo, hakuna cha kukutisha. Kitambaa cha sufu amekifunga, amesema umekuwa daktari sasa.

Barua yako niliisoma kwa sauti, naye alikuwa anachambua maharagwe. Nilipofika kwenye bwawa alicheka. Nilipofika kwenye "bado tunaangalia" aliacha maharagwe, akaenda akaisugua ile sahani kwa majivu mpaka ikang'aa.

Lakini mama yangu, wiki mbili kabla ya barua yako, barua nyingine ilifika katika sanduku letu la posta. Ni ya kampuni ya meli. Wameandika kwa Kiingereza kizuri kwamba msako ulifungwa tarehe kumi na sita Februari. Niliisoma palepale nje ya posta, nimesimama, watu wananipita. Nikaikunja nikaitia katika Biblia mahali ambapo mama yako hafungui. Kwa hivyo najua unachokiandika si kweli, na mama yako hajui, na mimi nakaa katikati yenu kama bikoni ya mpaka iliyong'olewa ikaachwa njiani.

Sikuulizi kwa nini. Mtu hafichi kitu bila sababu, na mimi si wa kumrushia mwenzangu jiwe. Nakuomba tu neno moja. Ukishindwa kuandika barua, andika kwenye kadi. Wabuge amerudi mara ya pili, na safari hii hakuvua kofia. Anasema tunamweka kijana mlangoni, haingii wala haendi.

Mama yako anakohoa asubuhi, lakini nimesema hakuna cha kukutisha.

Baba yako,
Phineas


Durban
8 Septemba 2024

Kwa Baba,

Natumaini kifua cha Mama kimepona. Najua umeandika "kidogo" maana yake si kidogo. Mpeleke hospitali. Mimi sijambo, nalala, nakula. Wiki iliyopita niliacha kazi. Nimerudisha funguo, nimerudisha kompyuta yenye programu zote za hesabu, nimesaini karatasi. Walinipikia keki yenye picha ya meli. Barua zitanifikia kwa anwani ileile.

Murunga amekufa. Zikeni mgomba.

Ningetaka kuishia hapo, lakini nimekudanganya mara moja tayari, na wewe ulinirudisha majini kwa kosa dogo kuliko hilo.

Marisela ilikuwa na maboti mawili ya mpira ya kujiokolea. La kwanza liliondoka na watu kumi na mmoja, tukalipata siku ya pili pale nilipoonyesha. Wao walisema wameacha wanne melini: nahodha, mabaharia wawili na Murunga, na boti la pili likiwa tayari. Kwa hivyo nikaandika wanne. Boti lenye watu wanne huketi majini na kwenda polepole. Boti lenye mtu mmoja ni jepesi, upepo hulikimbiza. Ni tofauti ya upande mzima wa bahari. Ilinipasa nifanye hesabu ya wanne, ya watatu, ya wawili na ya mmoja, nigawe ndege kwa zote. Ndivyo ninavyowafundisha vijana. Nilifanya ya wanne tu.

Najua kwa nini. Sikuweza kumwona peke yake. Kwetu hata chai mtu hanywi peke yake, Mama anamwita jirani. Nilimwona amekaa na wenzake, anawachekesha, anasema dada yangu anakuja. Hakuna aliyeniambia vingine, na mimi sikujiuliza.

Boti lilipatikana tarehe mosi Machi na meli ya wavuvi, mahali ambapo hesabu ya mtu mmoja ingelipeleka. Lilikuwa tupu. Ndani kulikuwa na koti lake la kazi na kalamu. Ubavuni mwa boti alikuwa amechora mistari, mmoja kwa kila siku, kama tulivyokuwa tukihesabu siku za kufunga shule. Ndege zilirudi nyumbani siku ya saba. Mistari ilikuwa tisa.

Ningeandika mtu mmoja, ndege ingempita juu siku ya tatu, mchana, hali ya hewa ikiwa safi. Naijua hata saa.

Nimewaokoa watu kumi na mmoja ambao siwajui majina. Watu hunipa mkono kwa ajili yao. Nachukia kupewa mkono.

Usimsomee Mama sehemu ya mistari.

Nekoye


West Indies, Eldoret
27 Oktoba 2024

Kwa binti yangu Nekoye,

Salamu. Mahindi tumevuna, magunia si mabaya. Mama yako alilazwa siku sita kwa sababu ya kifua, ametoka, anatembea mpaka kwa Nyokabi na kurudi.

Barua yako ilifika tarehe tano. Nilimsomea mama yako mstari mmoja tu, ule wa "Murunga amekufa." Aliniuliza kama ni wewe umeandika kwa mkono wako. Nikamwonyesha. Aliinuka akaiosha ile sahani, akaifuta, akaifungia kabatini. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Februari, na majirani wakaja.

Jumamosi iliyofuata tulizika. Mgomba aliukata Wabuge, ukavishwa shati la samawati alilovaa Murunga akikuaga. Kaburi nililipima mwenyewe kwa mnyororo wangu, mara mbili. Wazee walisema mgomba hauhitaji futi sita. Nikawaambia nachimba la urefu wa mwanangu.

Sasa nitakuandikia lile jambo. Nilitaka uje, ule, uketi. Naona hutakuja, na baada ya barua yako siwezi kulala nalo.

Tarehe tisa Februari, saa mbili asubuhi, simu yangu iliita, namba ndefu nisiyoijua. Alikuwa Murunga, akipiga kwa simu ya meli. Upepo ulikuwa mkali, nilisikia nusu. Alisema, "Baba, nahodha ameenda. Wale wengine wawili wamechukuliwa na maji. Nimebaki peke yangu, naingia kwa boti. Usimwambie Nekoye, atashindwa kufanya kazi." Ikakatika.

Wewe ulinipigia saa saba mchana siku hiyo. Uliniuliza kama kuna yeyote amepiga nyumbani. Nikasema hapana.

Nekoye, nilisema hapana. Niliona kwamba nikikuambia mdogo wako yuko peke yake katika maji anayoyaogopa, nitakuwa nimemzika kwa simu, na wewe uko ugenini, huna hata mtu wa kukushika bega. Habari kama ile haipelekwi hivyo. Nilisema moyoni, Nekoye atakuja, nitamketisha. Nilidhani wenye bahari wana vyombo vyao na wanajua yote. Sikujua kwamba idadi ya watu ni kipimo. Miaka thelathini na miwili nimebeba mnyororo wa wapimaji na sikujua.

Mama yako hajui. Sitamwambia kwa karatasi wala kwa mdomo. Wewe nimekuambia kwa sababu umelibeba kosa lote peke yako, na nusu yake si yako. Pengine zaidi ya nusu.

Sikuombi unisamehe. Naomba tu uwe umekula kabla ya kusoma hii.

Phineas


Durban
1 Desemba 2024

Kwa Baba,

Nawasalimu nyote. Nimefurahi kwamba mavuno ni mazuri na Mama ametoka hospitali. Huku ni joto. Nimepata kazi ya kufundisha hesabu katika shule moja ya wasichana, wanapiga kelele, wanaandika saba kama moja.

Barua yako nimeisoma. Nilikuwa nimekula.

Baba, Septemba nilikuandikia nikiwa nimechoka na nilikosea. Nimerudia ile hesabu nikiweka mtu mmoja. Upepo uligeuka siku ya pili kwa namna ambayo sikuizingatia, na lile boti lingekuwa mbali kuliko ndege zinavyoweza kufika. Kwa hivyo hata ungeniambia saa saba ile, ingekuwa yaleyale. Tusingemfikia. Ulinyamaza bure na mimi nilikosea bure, na hakuna kati yetu aliyemwacha.

Nimepima mara mbili. Naomba ulikubali jibu hili na usiniulize tena.

Krismasi sitaweza kuja.

Nekoye


West Indies, Eldoret
19 Januari 2025

Kwa Nekoye, mama yangu,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umefika ukiwa umezeeka. Jua ni kali, bwawa la Ainabkoi limebaki tope na ng'ombe wanakwama. Nilisimama pale ukingoni juzi kwa muda, halafu nikarudi nyumbani. Nyokabi ameuliza habari zako. Nimemwambia sasa unafundisha, akasema bahari imepoteza mtu.

Hesabu yako mpya nimeipokea. Sitakuuliza umeirudia kwa mashine gani, ilhali zile za kazi ulizirudisha. Katika kazi yangu sijawahi kukubali kipimo ambacho sikukiona kikipimwa, na wakubwa wangu wengine walinichukia kwa hilo. Hiki nimekikubali. Chini ya barua yako nimeandika tarehe na kutia sahihi, nikairudisha katika Biblia pamoja na zile nyingine.

Mama yako amepungua. Chakula hali sana, na shambani hataki kufika kwa sababu ya kaburi. Ananiuliza utakuja lini. Namwambia una kazi.

Jumapili tulipotoka kanisani alifungua kabati, akatoa ile sahani yenye maua, akaiweka mezani, mahali pako, akaifunika kwa nyingine. Nilimwambia, "Nanzala, huyo tumemzika."

Akasema anajua.

Baba yako,
Phineas